Mpini wa Mama Mkwe

Kuna seremala mmoja ninayemjua ambaye hajawahi kuvua samaki hata mmoja. Maji yenyewe anayaogopa. Akivuka daraja hushika ukingo kwa mikono miwili kama mtu anayepanda ngazi. Lakini ukienda karakana yake utakuta, katikati ya milango inayongoja bawaba na vitanda visivyo na miguu, fimbo za kuvulia zimesimamishwa kwenye kona kama wageni waliokosa viti. Watu wanazileta kutoka kwenye bwawa lililoko nyuma ya mji. Si kwamba zimevunjika. Wanazileta zisafishwe mipini.

Asiyevua anaweza kucheka. Fimbo hizi za dukani zina mpini uliotengenezwa kwa gome laini, lile lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, na sisi tunauita mpini wa kizibo, basi. Ni vipande vidogo vya duara vilivyotobolewa katikati, vikapangwa kimoja juu ya kingine kama bangili, vikagandishwa kwa gundi. Ukiushika ni mwepesi, una ujoto fulani, na unahisi kama nao unakushika wewe. Ubaya wake ni kwamba unakula kila kitu: jasho, matope, damu ya chambo, mafuta ya samaki. Ukiachwa hivyo miaka, unakuwa mweusi kama kisigino cha mtembea peku, na harufu yake paka wa jirani anaijua kabla yako.

Namna seremala alivyoingia kwenye kazi hiyo ndiyo ninayotaka kueleza. Mimi ni mtu wa kuzunguka, siku yangu haina ramani, ila karibu kila siku miguu hunifikisha kwenye benchi lake, kwa hiyo mengi ya mambo haya sikuhadithiwa.

Kwanza umjue mwenyewe. Ni mtu mkubwa, mpole, mwenye maneno machache. Useremala alifundishwa na mjomba wake, mzee mkali aliyekuwa akisema mbao isiyopakwa vanishi ni sawa na mtu aliyetoka nyumbani bila nguo. Neno hilo lilimwingia likakaa. Huyu bwana anapaka vanishi kama wengine wanavyokohoa, bila kukusudia. Alishaupaka mpini wa ufagio. Alishaupaka ubao wa dirisha la jirani bila kuombwa. Siku moja aliupaka mwiko wa mkewe, na mboga ya nyumba ile ikanukia karakana mpaka mkewe akaenda kuazima mwiko mwingine.

"Baba watoto," mkewe alimwambia mbele yangu, "siku nikifa usinikaribie na brashi yako. Nizikwe kama nilivyo."

Seremala akacheka kwa tumbo, bila sauti. Ndivyo anavyocheka.

Katika nyumba yao, chumba cha nyuma, anaishi mama mkwe wake. Huyu mama alikuwa karani mpiga chapa, na vidole vyake, wanasema waliofanya naye kazi, vilikuwa vinalia kama mvua juu ya bati. Alipostaafu, wenzake wa ofisini walimwuliza wamnunulie nini, saa ya ukutani au blanketi. Akasema fimbo ya kuvulia.

"Saa nimeitazama miaka yote hiyo," aliwaambia. "Sasa nataka kutazama maji."

Wakadhani mzaha. Akawaapia. Wakamnunulia. Basi akawa mwanamke peke yake pale kwenye ukuta wa bwawa, katikati ya wanaume wenye kofia, na wale wanaume walimcheka mpaka siku alipowavulia samaki wa mkono mzima huku wao wakinywesha minyoo maji. Tangu hapo wakamwita Bibi Ndoano, na nafasi yake kwenye ukuta hakuna aliyeikalia. Kila asubuhi isiyokuwa na mvua alikwenda, kikopo cha chambo mkono huu, fimbo mkono ule. Akirudi alikuwa mtu wa kutania kila anayempita. Nyumba nzima ilikuwa inaishi kwa furaha ya yule mama, ingawa hakuna aliyelitambua hilo, kwani taa huwezi kuiona faida yake mpaka izimike.

Ikazimika. Kiharusi kidogo, daktari alisema, na akasema ana bahati. Mdomo ulirudi mahali pake, mguu ukarudi, mkono wa kulia ukabaki umelegea. Alilazwa kwa muda, na huko wodini akapewa mpira mdogo wa kufinya, afinye, aachie, afinye, aachie. Akaufinya kwa bidii ya mpiga chapa. Alikuwa na neno moja tu: "Nikitoka hapa naenda bwawani."

Seremala naye alikuwa anaumia, lakini mwanamume wa aina yake ataumia kwa maneno gani? Akienda kumwona mama mkwe hospitalini alikuwa anasimama mwisho wa kitanda, anakagua maungio ya meza ya dawa. Akirudi hana raha. Basi siku moja akaichukua ile fimbo nyuma ya mlango, akautazama mpini wake uliochafuka, akaona hapa ndipo pa kuonyesha moyo wake. Akapitisha msasa kijuujuu, hakuosha, akafungua kopo. Akaupaka vanishi. Ukakauka, akaupaka tena. Ukakauka, akaongeza tena ili uwe na kina. Mimi nilikuwepo, na niliusifu. Ulikuwa unang'aa kama kabati la harusi.

Mama alipotoka akakabidhiwa. Akaugeuza geuza, akaiona sura yake mle ndani.

"Mwanangu," alimwambia, "hii si fimbo tena, hii ni samani. Nitaogopa kuionyesha kwa samaki."

Seremala akatazama chini kwa furaha.

Kesho yake mama akaenda bwawani, binti yake akimshika kiwiko. Wale wanaume wa kofia wakasimama kumpokea, wakampisha mahali pake. Akatia chambo, polepole, akaosha vidole majini, akashika fimbo, akainyanyua ili arushe mshipi. Fimbo ikamtoka. Ikapiga ukuta, ikateremka, na ingekwenda na maji kama mmoja wa wale wanaume hangeikanyaga. Akampa. Mama akajaribu tena. Ikamtoka tena. Wanaume wale, ambao walizoea kumcheka, safari hii wakatazama pembeni. Hilo ndilo lililomkata mama maini, kuliko hata ile fimbo.

Akarudi nyumbani, akaitundika fimbo kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, akakaa kitandani.

"Mkono umekufa," alisema. "Tusidanganyane, jamani. Umekufa, basi tuuzike tukae."

Binti yake akamwambia avute subira, daktari alisema itachukua muda. Mama akamjibu daktari hajui kuvua. Mpira wa kufinya akampa mtoto wa jirani. Akaanza kufanya kila kitu kwa mkono wa kushoto, kula, kuchana nywele, kufunga kanga, na ule wa kulia akauweka pajani kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa autunze. Utani ukaisha. Ukimsalimu anajibu, lakini jibu linatoka kama risiti.

Mkewe seremala akaja karakana, macho yamevimba. "Nimeuliza kule kliniki," alisema. "Wanasema mkono usipofanyishwa kazi sasa hivi utakakamaa kweli, na ukishakakamaa hakuna wa kuurudisha. Sasa mtu asiyetaka nitamlazimishaje? Ni mama yangu."

Seremala akamvutia kigoda akae.

Mvua ilinyesha siku iliyofuata, na bati la chumba cha nyuma likavuja pale pale juu ya mlango. Mama akiwa amekwenda kukaa sebuleni, mkewe seremala akamwambia mumewe akaitoe ile fimbo isilowe. Akaja nayo karakana, yeye amelowa, fimbo imelowa. Mimi nilikuwa nimejikunyata kwenye benchi najikinga. Alipofika mlangoni fimbo ikamponyoka. Akaiokota. Ikamponyoka tena.

Akasimama. Akaitazama fimbo, akautazama mkono wake, ule mkono unaobeba ubao wa mninga kama gazeti.

"Babu," akaniita. "Hebu shika hii."

Nikafuta mikono kwenye suruali, nikashika. "Nimeshika."

"Sasa lowesha mkono."

Nikautoa nje mkono ukanyeshewa, nikashika tena, nikainyanyua. Ikapita katikati ya vidole kama kambale, ikanidondokea kwenye dole gumba la mguu. Nikaruka.

"Mama yangu wee! Umepaka sabuni?"

Seremala alikuwa amekaa juu ya kitanda kisicho na miguu, uso umemshuka kama amepewa habari ya msiba.

"Vanishi," alisema. "Mafuta ya samaki ya miaka yote yako chini, vanishi iko juu. Maji yakigusa hapo hata mimi siwezi. Babu, nimeuua mkono wa mama mkwe kwa brashi."

Nikamwambia nia njema ni tabibu. Akasema ndiyo, lakini tabibu naye huua. Mtu wa maneno machache, yakimtoka yanatoka yamechongwa.

Akamwita mkewe, akamweleza pale pale. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa ameweka mkono kiunoni.

"Wewe," alisema. "Wewe! Ukiachiwa mtoto mchanga utampaka vanishi." Kisha akainamia ukuta akaanza kulia, kisha nikaona mabega yanatingishika vingine, kumbe anacheka, na analia, vyote pamoja. "Kwa hiyo huenda mkono wake haujafa?"

"Sijui," seremala alisema. "Huenda. Sijui."

Akataka kuyeyusha vanishi kwa ile dawa ya kuoshea brashi za rangi. Lakini safari hii alijifunza kuogopa: akaijaribu kwanza kwenye kizibo cha chupa alichokikata na kukigandisha kwa gundi. Gundi ikaachia, vipande vikateleza kimoja huku kingine kule. Akaiweka dawa mbali kabisa. Akachukua kipande cha kioo kilichovunjika, kama wanavyofanya maseremala wakitaka kukwangua mbao bila kuijeruhi, akaanza kukwangua ile vanishi taratibu, huku anageuza fimbo kwa mkono mwingine. Maganda yalikuwa yanatoka membamba, ya rangi ya asali. Sijamwona akifanya kazi yoyote kwa pumzi ndogo vile.

Chini ya vanishi likatokea lile giza la zamani, mafuta na jasho. Hapo akaitisha maji ya vuguvugu na kipande cha sabuni ya kufulia. Akaanza kutumbukiza mpini mzima kwenye ndoo, mkewe akamzuia.

"Hicho kinakunywa maji, hukioni? Kikivimba utalia. Osha kama unavyoosha uso wa mtoto."

Basi akaosha kwa kitambaa laini kilichokamuliwa, kidogo kidogo, sehemu hii, anafuta, anahamia ile. Maji ya ndoo yakawa meusi, yakamwagwa, yakaletwa mengine, yakawa meusi pia. Nilikuwa nadhani gome lile ni jeusi kwa asili yake. Kumbe likisafishwa lina rangi ya mkate.

Akauanika kivulini penye upepo, maana juani ungepasuka. Ulipokauka tukaona vishimo, pale gome lilipoliwa na miaka. Akasaga vizibo vya chupa kwa msasa mpaka vikawa unga, akachanganya na gundi, akavijaza vile vishimo kwa ncha ya kisu kama daktari wa meno. Vilipokauka akapitisha msasa laini kuliko wote alionao. Hapo ndipo nilipomwambia, "Inatosha, baba. Ukiendelea utabaki na mshipi tu." Akaacha.

Halafu, nakwambia jambo la kweli, mkono wake ukanyooka wenyewe kwenda kwenye rafu ya brashi. Hakujua. Mkewe alikuwa ameshaiondoa brashi, ameikalia.

Ikabaki kazi ngumu. Kumwambia mwenyewe.

Mimi nilidhani ataiacha tu fimbo nyuma ya mlango, mama aione siku atakayoiona. Hata yeye alilifikiria hilo, alinizunguka nalo kwa maneno. Nikamwambia mficha maradhi, kifo humuumbua. Akashusha pumzi, akaosha mikono, akabadilisha shati, akaichukua fimbo. Tukaenda wote, mimi nikiwa shahidi, au mtu wa kushikilia mlango asikimbie.

Mama alikuwa kitandani, binti yake pembeni. Seremala akakaa kwenye kigoda, magoti yamemfika kidevuni, akatazama sakafu kama mkwe anavyotakiwa.

"Mama, nina neno."

"Neno gani na shati jipya? Unaoa tena?" Ulikuwa utani, lakini haukuwa na moto.

Akamweleza. Vanishi, maji, mkono wake mwenyewe kuteleza, mkono wangu, dole gumba langu.

"Uliipaka mara ngapi?" mama akauliza mwishoni.

"Tatu, mama."

"Tatu!" Akamgeukia binti yake. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakuletea uji wodini, mama."

Nilitegemea hasira, na nadhani seremala aliitamani, maana hasira ina mwisho. Badala yake mama akaivuta kanga yake mpaka shingoni.

"Ipeleke huko huko," alisema. "Mkono nimeshauzika mimi. Usinifukulie."

"Mama, jaribu mara moja tu."

"Na ikinitoka?" Sauti yake ikapasuka. "Sasa hivi nina vanishi ya kulaumu. Ikinitoka leo, nitamlaumu nani?"

Kumbe hilo ndilo lililokuwa limekaa kwenye kitanda kile, si mkono. Seremala akaendelea kutazama sakafu, kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea kwa mtu mwenye adabu kama yeye mbele ya mama mkwe. Akainua macho akamtazama usoni.

"Mimi," alisema. "Nilaumu mimi. Hata ikikutoka mara mia. Nitakuwa pale naiokota."

Mama akaishusha kanga shingoni. Kisha akaamuru, kwa sauti ya ofisini, "Leteni beseni la maji. Na fungeni mlango, sitaki watu wa kofia."

Beseni likaletwa. Akaukunjua ule mkono wa kulia, polepole, akautumbukiza, akautoa unachuruzika. Binti yake akafumba macho. Seremala alikuwa nusu amesimama, mikono tayari chini ya fimbo kama mtu anayengoja nazi idondoke. Vidole vikazunguka mpini, kimoja baada ya kingine, kidole kidogo kikichelewa. Akanyanyua.

Ncha ya fimbo ikatetemeka mpaka ikagonga bati la juu, ti-ti-ti-ti. Ikatetemeka, na haikutoka. Akaishusha. Akalowesha mkono tena, akanyanyua tena. Ti-ti-ti. Haikutoka.

"Unanishika," alisema mama, akiutazama mpini. Kisha akasema kwa nguvu, "Jamani, unanishika huu!" Na machozi yakamtoka, akacheka yakiwa yanamtoka, na binti yake akafumbua macho akaona na yeye akaanza, nikabaki mimi nikijifanya naangalia pale bati linapovuja.

Seremala alikuwa amerudi kwenye kigoda. Hakulia wala hakucheka. Alikuwa anapumua tu, kama mtu aliyetua kabati zito alilolibeba peke yake ngazi zote.

"Wewe," mama akamwambia, "njoo nikuonyeshe unavyoshikwa. Siku nyingine utajua kitu gani ni cha kupakwa na kitu gani ni cha kushikwa."

Kulipokucha tukaenda bwawani wanne, ingawa mimi sikualikwa. Wale wanaume wakasogea bila neno. Mama akarusha mshipi, haukwenda mbali, ulianguka karibu kabisa na ukuta kama wa mtoto anayejifunza, na mmoja wao akasema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, "Bibi Ndoano leo anavua miguu yake mwenyewe."

"Miguu yangu ni mikubwa kuliko samaki uliowahi kumpata," mama akamjibu, na ukuta mzima ukalipuka kwa kicheko, yeye wa kwanza.

Mkono ulikuwa unachoka. Aliushika ule mpini kidogo, akahamishia kushoto, akapumzika, akarudi kulia. Hakukimbilia kitu. Binti yake alikaa karibu akimmenyea chungwa. Wale wa kofia, mmoja mmoja, wakaanza kuja kuupapasa mpini, wakauliza umefanywaje hata ukarudi hivyo, na huyu wa tatu tayari ameshaleta wake, mweusi tii.

"Mwulizeni fundi mwenyewe," mama alisema.

Tukageuka kumtafuta. Seremala alikuwa ameketi mbali na maji, kama kawaida yake, mgongo kwenye kibanda cha mlinzi, na usingizi umemchukua mzima mzima, mdomo wazi, anakoroma kama msumeno kwenye fundo la mti. Yule wa kofia akataka kwenda kumwamsha.

"Mwache," mama alisema, na akarusha mshipi tena, mbele kidogo kuliko mwanzo. "Atafukuza samaki, najua. Mwache hivyo hivyo."